Baden-Powell: Jasusi wa vipepeo aliyewafunza vijana elimu ya viumbe, akazikwa Nyeri

KILA ifikapo Februari 22, vijana waliovalia skafu shingoni humiminika mjini Nyeri kuzuru kaburi moja katika makaburi ya Kanisa la Kianglikana la St Peter's. Kwenye jiwe la kaburi hilo pamechongwa duara lenye kitone katikati, alama ambayo skauti kote duniani huielewa. Maana yake ni kwamba aliyepita njia hii amekwenda zake nyumbani.

Anayelala hapo ni Robert Stephenson Smyth Baden-Powell, jenerali wa Uingereza aliyeasisi chama cha skauti. Wengi wanamfahamu kwa kofia yake pana na kaptura. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kuwa mlezi wa vijana alikuwa jasusi, na kwamba mojawapo ya silaha zake ilikuwa wavu wa kunasia vipepeo.

Kwa mlezi wa chama cha vijana wa Naro Moru au Nanyuki anayewaza mradi wa kukusanya wadudu, maisha ya mzee huyo yana mafunzo mawili yanayovutana. La kwanza ni kwamba kumchunguza mdudu mmoja kwa makini kunaweza kumfungua kijana macho kuhusu dunia nzima. La pili ni kwamba elimu hiyo hiyo yaweza kutumiwa kuwahadaa watu.

Mwana wa profesa

Baden-Powell alizaliwa jijini London, Februari 22, 1857. Babake, Kasisi Baden Powell, alikuwa profesa wa jiometria katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alikuwa pia mmoja wa makasisi wachache wa zama hizo waliothubutu kuunga mkono hadharani nadharia ya mabadiliko ya viumbe. Charles Darwin mwenyewe alimtaja katika toleo la baadaye la kitabu chake maarufu kuhusu chanzo cha spishi.

Profesa huyo aliaga dunia mwaka wa 1860, mwanawe akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Mzigo wa malezi ukamwangukia mjane wake, Henrietta Grace, bintiye Admirali William Henry Smyth aliyekuwa mwanamaji na mtaalamu wa nyota. Katika nyumba hiyo, kuuliza maswali kuhusu mbingu, mimea na wanyama halikuwa jambo la kushangaza.

Miongoni mwa ndugu hao, aliyezama zaidi katika elimu ya viumbe alikuwa dada yao, Agnes, aliyezaliwa mwaka wa 1858. Agnes alifuga nyuki, ndege na hata vipepeo nyumbani, naye alikuwa stadi wa sayansi katika enzi ambayo milango ya vyuo vikuu ilikuwa migumu kufunguka kwa wanawake. Miaka mingi baadaye, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha wasichana, Girl Guides, kilichoundwa mwaka wa 1910.

Robert alisomea shule ya Charterhouse, ambayo mwaka wa 1872 ilihamishwa kutoka London hadi Godalming, kusini mwa Uingereza. Karibu na shule hiyo palikuwa na kijisitu ambacho wanafunzi walikatazwa kuingia. Yeye alikuwa akinyemelea humo, akajifunza kufuata nyayo za wanyama, kutega sungura na kuwapika kwa moto usiotoa moshi ili walimu wasimgundue.

Darasani hakuwa hodari wa kutajika, na jaribio lake la kujiunga na Oxford liliambulia patupu. Hata hivyo alipofanya mtihani wa kuingia jeshini alifaulu vyema. Mwaka wa 1876 alipelekwa India akiwa afisa kijana wa kikosi cha wapanda farasi cha 13th Hussars.

Huko India alikuwa mwindaji shupavu wa nguruwe mwitu, akaandika hata kitabu kuhusu uwindaji huo. Lakini pamoja na mkuki, alibeba penseli. Aliweza kuchora kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na kipaji hicho ndicho kilichokuja kumfaa katika kazi ya siri.

Ngome ndani ya mbawa

Mwaka wa 1890 Baden-Powell alipelekwa katika kisiwa cha Malta kuwa msaidizi wa mjombake, Sir Henry Smyth, aliyekuwa gavana huko. Baadaye akapewa jukumu la kukusanya habari za kijeshi katika eneo la Bahari ya Mediterania. Kazi hiyo aliifanya hadi mwaka wa 1893.

Katika kitabu chake kuhusu ujasusi kilichochapishwa mwaka wa 1915, alisimulia jinsi alivyokwenda Dalmatia, karibu na mji wa Cattaro, akijifanya mkusanyaji wa vipepeo. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Leo mji huo unaitwa Kotor na uko nchini Montenegro.

Kwa mujibu wa maelezo yake, alibeba wavu, rangi za maji na daftari lililojaa michoro ya vipepeo, mingine imekamilika na mingine nusunusu. Alipokutana na wanajeshi waliolinda milima, hakuwakimbia. Aliwaendea waziwazi, akawaonyesha mchoro mmoja na kuwauliza kama walikuwa wamemwona kipepeo wa aina hiyo mahali popote.

Walinzi hao walimwona mzungukaji asiye na madhara, pengine aliyerukwa na akili kidogo, wakamsaidia kutafuta. Kumbe katika mistari ya mbawa za kipepeo huyo alikuwa amechora ramani ya ngome yao. Madoadoa yalionyesha mahali palipowekwa mizinga na ukubwa wake. Michoro mingine aliificha katika mishipa ya jani la mti au katika kichwa cha nondo.

Kitabu hicho kilitoka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwandishi wake hakuwa mtu wa kuogopa kutia chumvi katika hadithi. Hata hivyo, hila yenyewe ina mantiki iliyo wazi. Ilifaulu kwa sababu walinzi hawakujua kutofautisha kipepeo mmoja na mwingine. Laiti angekuwapo askari mmoja aliyewahi kukusanya vipepeo utotoni, angetambua mara moja kwamba mbawa zile hazikuwa za kiumbe yeyote aliye hai.

Kuna kinaya katika jambo hilo. Mtu aliyenufaika na ujinga wa wengine kuhusu wadudu ndiye aliyekuja kuanzisha chama kilicholenga kuuondoa ujinga huo miongoni mwa vijana wa ulimwengu mzima.

Madoa katika sifa zake

Maisha ya Baden-Powell barani Afrika hayawezi kusimuliwa kwa sifa pekee. Mwishoni mwa mwaka wa 1895 alijiunga na msafara wa Waingereza dhidi ya ufalme wa Ashanti, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mfalme Prempeh wa Kwanza alikamatwa na kupelekwa uhamishoni, asirejee nyumbani hadi mwaka wa 1924.

Mwaka wa 1896 alikuwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ambako Wandebele na Washona walikuwa wameinuka kupinga utawala wa walowezi. Chifu Uwini aliyetekwa vitani alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kupigwa risasi kwa idhini ya Baden-Powell. Uchunguzi ulifanywa kuhusu kitendo hicho, naye akaondolewa lawama na wakuu wake. Wanahistoria hawajaacha kuhoji uamuzi huo.

Katika vita hivyo ndipo alipotembea katika milima ya Matopo pamoja na Frederick Russell Burnham, mpelelezi Mmarekani aliyemfunza mengi kuhusu kuishi porini na kusoma alama za ardhi. Kutoka huko alirudi na pembe ya tandala, ambayo baadaye iligeuka kuwa baragumu ya kuwaamshia vijana kambini.

Jina lake lilivuma zaidi kuanzia Oktoba 1899, Makaburu walipouzingira mji wa Mafeking, Afrika Kusini. Alikuwa kamanda wa mji huo kwa siku 217 hadi ulipokombolewa Mei 17, 1900. Uingereza nzima ilimshangilia. Wavulana wa mjini, waliopewa kazi ya kupeleka ujumbe na kulinda zamu, walimwonyesha kwamba kijana akiaminiwa hutenda makubwa.

Lakini simulizi hiyo ina upande wa pili. Maelfu ya Wabarolong na Waafrika wengine walikuwamo ndani ya mji huo, na mgao wao wa chakula ulikuwa duni kuliko wa Wazungu. Kuna waliokufa njaa. Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, aliandika shajara ya siku hizo, ambayo ilichapishwa mwaka wa 1973. Ni ushahidi wa Mwafrika aliyeuona mzingiro huo kutoka ndani.

Ndiyo maana mwezi wa Juni 2020, maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi yalipoenea duniani, sanamu yake katika mji wa Poole, Uingereza, ilizungushiwa mbao huku mjadala ukirindima iwapo iondolewe au ibaki. Sanamu hiyo ilibaki, na mjadala nao haukuisha.

Udongo uwahi ungali maji

Aliporejea Uingereza mwaka wa 1903, Baden-Powell alikuta kitabu chake kidogo cha kuwafunza wanajeshi upelelezi, Aids to Scouting cha mwaka wa 1899, kikisomwa na walimu na vijana. Alishauriwa akiandike upya kwa ajili ya wavulana. Hapo ndipo wazo la skauti lilipoanza kuota mizizi.

Hakulizua wazo hilo peke yake. Ernest Thompson Seton, mtaalamu wa viumbe aliyeishi Canada na Marekani, alikuwa ameanzisha chama cha vijana cha kujifunza maisha ya porini mwaka wa 1902. Mwaka wa 1906 alimtumia Baden-Powell kitabu chake. Baadaye Seton alilalamika kwamba mawazo yake yalichukuliwa bila kutambuliwa ipasavyo, na malalamishi hayo hayakuwa ya bure.

Agosti 1907, Baden-Powell aliwapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi walikuwa wana wa matajiri waliosoma shule za kifahari, na wengine walikuwa wana wa vibarua. Waligawanywa katika vikundi vinne na kufunzwa kupiga kambi, kufuata nyayo na kuchunguza viumbe. Kila asubuhi waliamshwa kwa pembe ile ya tandala.

Mwaka uliofuata kitabu cha Scouting for Boys kilitoka kwa sehemu sita, wiki mbili mbili. Ndani yake wadudu walipewa nafasi yao. Vijana walielezwa kwamba mdudu anafaa kukusanywa, kutazamwa au kupigwa picha, na kwamba anayevua samaki au kuchunguza ndege hana budi kuwajua wadudu ambao ni chakula cha viumbe hao.

Nyuki walisifiwa kama jamii yenye utaratibu, ingawa mwandishi alikuwa na haraka ya kuwageuza kuwa mfano wa siasa. Kwa macho yake, mzinga ulikuwa nchi yenye utiifu kwa malkia na isiyowavumilia wavivu. Sayansi ya leo inatambua kwamba malkia wa nyuki hatoi amri, na kwamba mambo mengi mzingani huamuliwa na nyuki vibarua kwa pamoja. Hapo pana tahadhari kwa kila mkusanyaji: asikimbilie kuona kwa mdudu kile alichokwisha kukiamini kuhusu binadamu.

Skauti walipewa pia beji za ustadi, ikiwemo ya elimu ya viumbe. Kijana hakuzipata kwa kukariri. Alitakiwa aonyeshe alichokusanya, alichochora au alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Kwa shule za wakati huo, zilizotegemea kiboko na ubao, huo ulikuwa mtindo mpya.

Mlima dirishani

Mwaka wa 1910 skauti walianza kuonekana nchini Kenya. Mwaka wa 1912 Baden-Powell alimwoa Olave Soames, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 32 lakini aliyezaliwa tarehe na mwezi mmoja naye. Walijaliwa watoto watatu. Mwaka wa 1920, katika jamborii ya kwanza ya dunia jijini London, alitawazwa kuwa Skauti Mkuu wa Ulimwengu.

Mwaka wa 1935 wazee hao walizuru Kenya na kumtembelea rafiki yao, Eric Sherbrooke Walker. Walker, aliyewahi kuwa katibu wa Baden-Powell, alikuwa amejenga hoteli ya Outspan mjini Nyeri na nyumba ya mitini ya Treetops, iliyofunguliwa mwaka wa 1932 katika msitu wa Aberdare. Mgeni wake alipouona Mlima Kenya kutoka hapo, moyo wake ulibaki.

Mwaka wa 1938, afya ikiwa imedhoofika, Baden-Powell na mkewe walihamia Nyeri kabisa. Nyumba ndogo waliyojengewa katika ua wa Outspan waliiita Paxtu, kwa kucheza na jina la Pax Hill, nyumba yao ya Uingereza. Pax ni neno la Kilatini lenye maana ya amani.

Kutoka katika roshani ya nyumba hiyo, mzee aliyekuwa mwindaji aligeuka kuwa mtazamaji. Alichora ndege na wanyama, akaandika vitabu kuwahusu, na kuwahimiza vijana waichukue kamera badala ya bunduki. Katika miaka hiyo ya mwisho, mkono uliochora ngome ndani ya mbawa za kipepeo ulikuwa unachora viumbe jinsi walivyo.

Hata hivyo Kenya aliyoishi haikuwa Brownsea. Vikosi vya skauti wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika vilikuwa kila kimoja kivyake. Ardhi kutoka Nyeri kuelekea Naro Moru na Nanyuki ilikuwa na mashamba makubwa ya walowezi, na wenyeji wengi waliingia humo kama vibarua. Nchini Afrika Kusini, mwaka wa 1936, yeye mwenyewe alikuwa amekubali mpango ulioacha vijana wa Kiafrika katika tawi lao la kando.

Lakini mbegu ikishapandwa haimsikilizi mpanzi. Kanuni ya skauti inayosema kwamba kila skauti ni ndugu ya mwenzake ilisomwa na vijana wa Kiafrika jinsi ilivyoandikwa, nao wakaitumia kuhoji ubaguzi wa wakoloni. Baada ya uhuru, chama kilichokuwa na mipaka ya rangi kiliongozwa na Waafrika. Miongoni mwao alikuwa marehemu Jeremiah Nyagah, waziri wa miaka mingi katika serikali ya Kenya.

Baden-Powell alifariki Nyeri Januari 8, 1941, akiwa na umri wa miaka 83. Alizikwa huko huko, mlima ukimtazama. Olave alirejea Uingereza mwaka wa 1942. Alipofariki mwaka wa 1977, majivu yake yaliletwa na kuzikwa kando ya mumewe. Kaburi hilo limetangazwa kuwa turathi ya kitaifa, na Paxtu imehifadhiwa kama makavazi.

Nyumba hiyo ilikuja kukaliwa na Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa chui na simbamarara nchini India ambaye naye uzeeni aligeukia uhifadhi. Corbett alifariki mwaka wa 1955 na kuzikwa katika makaburi yayo hayo. Hivyo Nyeri ikawa pahali pa mapumziko ya wawindaji wawili walioweka silaha chini.

Warithi wa wavu

Miezi tisa kabla ya kifo cha Baden-Powell, Aprili 1, 1940, mtoto wa kike alizaliwa katika kijiji cha Ihithe, Tetu, si mbali na Outspan. Mtoto huyo, Wangari Maathai, alisomea biolojia, akaanzisha harakati za Green Belt mwaka wa 1977, na mwaka wa 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kutuzwa Nobeli ya Amani. Hakuhitaji jenerali wa Uingereza kumfunza kupenda mito na miti ya Nyeri.

Vivyo hivyo, mtaalamu wa wadudu Thomas Odhiambo aliasisi kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi mwaka wa 1970. Kabla ya hapo, wadudu wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wakikusanywa na wageni na kusafirishwa hadi makavazi ya Ulaya. Odhiambo alisisitiza kwamba Waafrika wenyewe wawe wachunguzi, na kwamba utafiti huo umfae mkulima.

Mwaka wa 1968 palizinduliwa pia vyama vya wanyamapori vya Kenya, vilivyoanzishwa na wanafunzi na kuenea shuleni. Kwa hivyo kijana wa leo anayeshika wavu Naro Moru ni mrithi wa watu wengi, na mzee wa Paxtu ni mmoja wao tu.

Naro Moru, takriban kilomita 40 kutoka Nyeri, ni mahali pa pekee kwa mradi kama huo. Mji wenyewe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kupanda mlima hufika lango la hifadhi penye mita 2,400, kisha kituo cha hali ya hewa penye mita 3,050. Katika safari ya siku moja, kijana hupita mashamba ya viazi na kabeji, msitu, mianzi na hatimaye nyika ya baridi, na kila ukanda una wadudu wake.

Sheria lazima iheshimiwe. Mlima Kenya ulitangazwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1949, na mwaka wa 1997 UNESCO ikauorodhesha miongoni mwa turathi za dunia. Ndani ya hifadhi, hairuhusiwi kuchukua hata mdudu mmoja bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Huko juu penseli na kamera zinatosha. Wavu una kazi yake shuleni, mashambani na kando ya njia, kwa ruhusa ya mwenye shamba.

Vifaa ni vichache. Wavu hutengenezwa kwa kitambaa chepesi cha chandarua, waya na mpini. Chupa yenye kifuniko madhubuti, iliyotiwa pamba yenye matone ya kiondoa rangi ya kucha, humuua mdudu haraka bila kumharibu. Kazi hiyo haifai kuachiwa watoto wadogo pasipo mtu mzima.

Kipepeo hutobolewa kwa pini katikati ya kifua na mbawa zake hutandazwa juu ya ubao wenye mfereji. Dundu hutobolewa kupitia gamba la bawa la kulia ili katikati yake pasiharibike. Wakishakauka, huwekwa katika sanduku lililofungwa vizuri lenye vidonge vya nafthalini, la sivyo sisimizi watakula kazi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja.

Haifai kuchukua wengi. Mmoja au wawili wa kila aina wanatosha, na waliobaki waachwe waende zao. Kijana anayeua vipepeo 50 wa aina moja ili sanduku lipendeze hajajifunza elimu ya viumbe, amejifunza pupa.

Faida ya elimu hii si ya pambo. Mwaka wa 2017 wakulima wa Kenya walivamiwa na viwavijeshi wapya kutoka mabara ya Amerika, na wengi walidhani ni wale waliowazoea. Mwishoni mwa mwaka wa 2019 nzige wa jangwani waliingia nchini na kusambaa hadi eneo la Mlima Kenya. Katika misiba kama hiyo, kijiji chenye vijana wanaowatambua wadudu hung'amua mapema kinachokishambulia, na hakimwagi sumu ovyo juu ya nyuki wanaochavusha mazao yake.

Yupo pia kipepeo mmoja anayefaa kutafutwa kwanza. Kwa jina la kisayansi huitwa Vanessa cardui, mwenye rangi ya chungwa na ncha nyeusi zenye madoa meupe. Anapatikana nchini Kenya na pia Ulaya, na spishi hiyo huvuka jangwa la Sahara katika safari inayokamilishwa na vizazi kadhaa. 

Kilichobaki ni kipande kidogo cha karatasi chini ya pini. Juu yake kijana huandika mahali alipomkuta mdudu, tarehe, kimo cha ardhi, mmea aliokuwa ametua na jina la aliyemnasa. Bila karatasi hiyo, mdudu mzuri kupindukia hubaki kuwa urembo wa ukutani. Akiwa nayo, hata nzi mdogo asiyetazamwa na mtu huwa ushahidi ambao mtafiti anaweza kuutumia miaka 100 baadaye.

Hapo ndipo mkusanyaji wa kweli anapotengana na jasusi wa Cattaro. Mbawa zile zilichorwa ili zimpotoshe anayezitazama. Kijana wa Naro Moru anapoandika karatasi yake, anajifunga kusema alichokiona, mahali alipokiona, bila kuongeza doa wala kupunguza mstari.